Bei mliyokubaliana isipotee: hifadhi picha ya skrini kwenye kompyuta

Vijana wenzangu wa kilimo biashara, siku hizi mauzo mengi yanaanzia kwenye simu. Mnunuzi anakubali bei ya tenga la nyanya kwa WhatsApp, mzigo ukishafika sokoni anafuta ujumbe na kusema hamkuelewana hivyo. Au simu inatumbukia kwenye mfereji, kumbukumbu zote zinaenda nayo. Dawa ni kupiga picha ya skrini siku hiyohiyo na kuihifadhi kwenye kompyuta. Faili moja dogo linatosha, kwa simu au kishikwambi cha Android na kompyuta ya Windows.

Maandalizi, mara moja tu

1. Pakua bure "SDK Platform-Tools" kwenye tovuti ya Android Developers, kisha ifungue iwe folda ya kawaida.
2. Kwenye simu ingia "Settings", halafu "About phone", gusa "Build number" mara 7. Ukishamaliza, tafuta "Developer options" na uwashe "USB debugging".
3. Fungua Notepad, andika mistari hii mitatu:

@echo off
set /p jina=Jina la picha:
adb exec-out screencap -p > "%jina%.png"

Ihifadhi kwa jina picha.bat ndani ya folda ileile. Hakikisha haijawa picha.bat.txt.

Namna ya kutumia

Chomeka simu kwa waya wa USB unaopitisha data, maana nyaya nyingine zinachaji tu. Fungua ujumbe unaoutaka, namba na tarehe zionekane. Bofya picha.bat mara mbili. Mara ya kwanza simu itaomba ruhusa: gusa "Allow", halafu bofya faili tena. Andika jina kama nyanya-tenga40-machi12, bonyeza Enter. Picha inaingia kwenye folda hapohapo.

Angalia haya

- Jina likirudiwa, picha ya zamani inafutika. Usitumie alama ya / kwenye jina.
- Programu nyingi za benki zinazuia. Utapata picha nyeusi au faili tupu.
- Ukimaliza zima "USB debugging", hasa kama kompyuta mnatumia wengi.
- Picha inasaidia kukumbushana, lakini haichukui nafasi ya mkataba. Mzigo mkubwa andikishaneni na msaini kabla gari halijapakia.

Jaribu leo kwa ujumbe mmoja, usisubiri ugomvi.