UTAFITI WA KAHAWA NA NJIA ZA KUUFIKISHA KWA MKULIMA

Chulebuni ni ugonjwa wa ukungu unaooza tunda la kahawa lingali bichi. Uligunduliwa Kenya mwaka 1922, ukaonekana Tanzania mwaka 1964. Kwa miaka mingi mkulima aliambiwa anyunyize dawa mara kwa mara, na agizo hilo lilimfikia kwa waraka uliobandikwa kwenye ubao wa chama. Waraka una kasoro moja kubwa: hauulizwi swali. Mwanachama asiye na fedha za dawa aliusoma, kama alijua kusoma, akaenda zake.

Kenya ilianza mpango wa Mafunzo na Ziara mwaka 1982. Bwana shamba alifundishwa kwa vipindi maalumu, kisha akawatembelea wakulima wachache walioteuliwa ili nao wawafundishe jirani zao. Mpango ulikuwa na nidhamu, lakini mara nyingi walioteuliwa walikuwa wenye uwezo, na jirani maskini hakujiona ndani yake. Tanzania ilikuwa imejaribu njia nyingine mwaka 1973 kwa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walisikiliza redio katika vikundi, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo.

Suala la aina bora za kahawa limedai zaidi ya maneno. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 2001 huko Lyamungo, imetoa chotara zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani. Chotara hizo huzalishwa kwa vikonyo. Mkulima akiotesha mbegu za mti huo, miche hutofautiana, na mingine huweza kuugua kama ile ya zamani. Hasara yenyewe hujulikana baada ya miaka mitatu hivi, miti inapoanza kuzaa, na kumbe shamba la zamani limekwisha kung'olewa! Ndiyo maana vikundi vya wakulima vimepewa bustani mama na kufundishwa kukata na kuotesha vikonyo kwa mikono yao wenyewe.

Katibu wa chama chenye bustani ya namna hiyo hana budi kuwa na daftari mbili. Ya kwanza ionyeshe kila mstari ni wa aina gani na nani amechukua miche. Ya pili iandikwe maswali ya wanachama, yapelekwe kwa watafiti kabla ya msimu wa kupanda, na majibu yasomwe mkutanoni.