Je, wajua redio ya kuongelea inaweza kubeba barua?

Januari 1990 roketi ya Ariane ilipeleka angani satelaiti ndogo iitwayo UoSAT-3, iliyoundwa katika Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza. Iliizunguka dunia katika kimo cha kilomita 800 hivi, mzunguko mmoja kwa takriban dakika 100. Ikipita juu ya kituo, ilipokea barua za kompyuta na kuzihifadhi katika kumbukumbu yake, kisha ilizishusha ilipofika juu ya kituo cha pili. Shirika la SatelLife la Boston, lililoanzishwa na daktari wa moyo Bernard Lown, liliitumia kuwaunganisha madaktari na watafiti wa Afrika kupitia mtandao wa HealthNet. Tanzania, Kenya, Uganda, Zambia na Msumbiji zilikuwa miongoni mwa nchi zilizojiunga mapema, wakati ambapo intaneti ya kawaida ilikuwa bado haijafika kwa wengi.

Njia ya kutuma barua hizo ilitoka kwa watu wa redio ya ridhaa, yaani wapenzi wa redio wanaorusha mawimbi kwa kujifunza na kujitolea, bila malipo. Wao walionyesha kwamba redio iliyotengenezwa kwa mazungumzo, ikifunguliwa na kurekebishwa sehemu chache, inaweza kubeba maandishi ya kompyuta.

Bonde la Kilombero nchini Tanzania linaonyesha vizuri kwa nini ujuzi huo una thamani. Limenyooka kwa kilomita 250 hivi, limebanwa na milima ya Udzungwa upande mmoja na nyanda za juu za Mahenge upande wa pili. Masika mto hutapakaa kwenye tambarare, na njia za vijijini hukatika. Kabla ya daraja la mita 384 lililopewa jina la hayati Rais Magufuli, msafiri wa kutoka Ifakara kwenda Mahenge alivuka kwa kivuko. Ndani ya bonde hilohilo, Ifakara imekuwa na maabara ya utafiti tangu 1957, ilipoanzishwa na mwanasayansi Mswisi Rudolf Geigy. Leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Kuanzia 1996 watafiti wake walizipitia kaya za wilaya za Kilombero na Ulanga kila baada ya miezi minne, wakiandika waliozaliwa, waliofariki na waliohama.

Taarifa za namna hiyo ni herufi na tarakimu tupu. Rekodi ya herufi 100 ni biti 800 tu, mzigo mwepesi kabisa kwa redio. Kwa miaka mingi hospitali za misheni, polisi na askari wa wanyamapori waliitegemea redio koli kwa sauti, lakini sauti ina udhaifu wake: kipimo cha dawa kinachosomwa katikati ya mvumo huweza kusikika vibaya, na anayepokea lazima awepo, akiwa na kalamu mkononi.

Mfumo wa pakiti huondoa udhaifu huo. Chanzo chake ni Hawaii, ambako mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake waliunganisha visiwa na kompyuta ya chuo kikuu kwa redio, katika mtandao walioupa jina ALOHAnet. Mei 1978 wanaridhaa wa Montreal, Kanada, walirusha pakiti zao za kwanza, na mwaka 1984 ukatangazwa utaratibu wa AX.25 ambao bado unatumika. Ujumbe hukatwa vipande, ndizo pakiti. Kila kipande hubeba jina la kituo kinachotuma na kinachopokea, maandishi yasiyozidi baiti 256 kwa kawaida, na mwishoni namba ya uhakiki ya biti 16. Kompyuta inayopokea hupiga hesabu ileile. Majibu yakilingana hutuma ithibati. Yasipolingana hukitupa kipande hicho, na mtumaji akikosa ithibati hukirudia. Barua hufika ikiwa kamili au haifiki, na inaweza kufika usiku wa manane pasipo mtu yeyote mezani.

Kazi ya fundi huanzia pale redio inapojaribu kuipendezesha sauti. Saketi ya maikrofoni huchuja kila kilicho chini ya hezi 300 au juu ya hezi 3000 hivi. Kisha hukuza sauti nyembamba kabla ya kurusha, na redio inayopokea huzipunguza tena ili mvumo usimsumbue msikilizaji. Kwa sikio la binadamu huo ni msaada mkubwa. Kwa data ni uharibifu.

Mwendo wa biti 1200 kwa sekunde hustahimili hali hiyo. Modemu, kifaa kinachogeuza data kuwa milio, hutumia milio miwili, mmoja wa hezi 1200 na mwingine wa hezi 2200, na yote miwili hupita kwenye njia ya sauti. Fundi anahitaji nyaya tatu za maana: wa kuingiza milio kwenye maikrofoni, wa kuitoa kwenye spika, na wa kubonyeza kitufe cha kurusha kwa niaba ya mtu, pamoja na waya wa ardhi. Tatizo hutokea pale upande mmoja unapokuza sauti nyembamba na wa pili hauzipunguzi, au kinyume chake. Nguvu ya mlio wa 2200 hutofautiana na ya mwenzake kwa takriban desibeli 5, na modemu huanza kukosea.

Biti 9600 kwa sekunde, mwendo uliotumiwa na UoSAT-3, hudai upasuaji. Mawimbi yake huanzia karibu na sifuri na kufika karibu hezi 5000, hivyo hayawezi kupita kwenye vichujio vya sauti. Fundi hufungua kava na kutafuta mahali ambapo mabadiliko ya masafa yanageuzwa kuwa umeme, kabla ya kichujio chochote. Hapo hulehemu waya mwembamba wenye kinga ya kuzuia uchafuzi wa mawimbi. Upande wa kurusha, hupeleka data moja kwa moja kwenye diodi ya varakta, kijisehemu kinachosogeza masafa kadiri volti inavyobadilika. Baadhi ya redio za miaka ya karibuni huja na tundu la pini sita lililounganishwa hivyo tangu kiwandani.

Linabaki suala la muda. Pakiti ya baiti 256 kwa mwendo wa 1200 huchukua sekunde 1.7 hivi, kwa 9600 huchukua takriban sekunde 0.2. Redio ya zamani inayobadili kupokea kuwa kurusha kwa relei inaweza kuhitaji sekunde 0.3 kabla haijatulia. Maana yake, kwa mwendo wa kasi, redio hupoteza muda mrefu zaidi kujiandaa kuliko kutuma. Ndiyo sababu mafundi hodari huondoa relei na kuweka diodi zinazobadili njia haraka.

Jiografia ya Kilombero huamua pia masafa. Mawimbi yenye urefu wa mita 2 husafiri karibu kwa mstari ulionyooka: antena mbili za kimo cha mita 10 kwenye tambarare hufikiana kwa kilomita 26 hivi. Kituo cha kurushia upya kikiwekwa mlimani, mita 1000 juu ya bonde, upeo wake hufika kilomita 130. Kuvuka Udzungwa bila kituo cha mlimani kunahitaji mawimbi marefu, mathalani ya megahezi 7, kwa antena ya waya wa mita 20 iliyotandazwa chini chini ili mawimbi yapande juu na kurudishwa na tabaka la anga lenye chaji. Mwendo huko hushuka hadi biti 300 kwa sekunde. Redio isiyotulia kwenye masafa yake haifai, na nguvu ya kurusha hupunguzwa, maana mlio wa data hauna vituo vya pumzi kama maneno na huipasha redio joto haraka.

Sheria nayo ina mipaka. Kurusha kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Masafa ya ridhaa si ya biashara, na kwa kawaida ujumbe wake hauruhusiwi kufichwa kwa msimbo. Kwa hiyo majina na magonjwa ya wagonjwa hayapaswi kupita humo. Hospitali inayotaka kutuma taarifa hizo huomba masafa yake yenyewe.

Anayetaka kuanza aanze kwa kusikiliza. Kituo cha Kimataifa cha Anga hupita juu ya Ifakara mara kadhaa kila siku, na redio ya ridhaa iliyomo ndani yake imekuwa ikirusha pakiti kwenye megahezi 145.825. Redio ya mita 2, waya mmoja kutoka kwenye spika hadi kwenye kompyuta, na programu ya bure kama Dire Wolf vinatosha kuzisoma. Walimu wa vyuo vya ufundi wa Ifakara na Morogoro wawape wanafunzi wao jaribio hilo, kisha wawasaidie wanaofaulu kuomba leseni.