Mafunzo ya usafi kwa mtoto wa mbwa

Mafunzo ya usafi kwa mtoto wa mbwa ni kumzoesha mbwa mchanga kwenda haja ndogo na kubwa mahali pamoja palipochaguliwa na mwenye nyumba. Katika nchi za baridi lengo kubwa ni kulinda sakafu ya ndani. Nchini Tanzania mbwa wengi hufugwa nje kwa ajili ya ulinzi, na Waislamu wanaofuata madhehebu ya Shafii huhesabu mate yake kuwa najisi. Kwa hiyo kinacholindwa hasa ni baraza, mlango wa jiko na uwanja. Katika kata ya Kalangalala mjini Geita, kama katika miji mingine, uwanja mmoja huweza kutumiwa na wapangaji kadhaa ambao watoto wao hucheza bila viatu.

Sababu za kiafya

Watoto wengi wa mbwa huzaliwa tayari wana minyoo aina ya Toxocara canis, waliyoipata tumboni mwa mama yao. Mayai ya minyoo hiyo hutoka pamoja na kinyesi, lakini huhitaji wiki 2 au zaidi udongoni kabla ya kuweza kuambukiza. Baada ya hapo yanaweza kudumu kwa miaka. Mtoto anayetia vidole vichafu mdomoni huyameza, na lava wakifika jichoni wanaweza kulipofua. Minyoo ya safura ya mbwa nayo hupenya ngozi ya mguu na kuacha mistari inayowasha sana. Kinyesi kikiwa mahali pamoja na kuzolewa kila siku, kisha kutupwa katika shimo la choo, mayai hayapati muda wa kukomaa uwanjani. Dawa ya minyoo huanza kutolewa mapema, mbwa akiwa na umri wa wiki 2 hivi.

Namna ya kufunza

Mama ndiye mwalimu wa kwanza. Kwa wiki 3 hivi huwalamba watoto ili wajisaidie, na huondoa uchafu mwenyewe. Baadaye wao huanza kutoka nje ya malalo. Mfugaji huendeleza tabia hiyo kwa kumpeleka mahali palepale kila anapoamka, anapomaliza kula au kucheza, na kabla ya kulala, hata mvua ikinyesha. Mbwa wa miezi 2 hawezi kubana mkojo zaidi ya saa 2 au 3 mchana. Akimaliza hupewa papo hapo kipande cha dagaa. Akicheleweshewa haelewi anatuzwa kwa nini.

Kumchapa au kumsugua pua kwenye uchafu, jambo ambalo bado ni la kawaida, humfundisha kumwogopa mtu na kujisaidia kwa kujificha. Anayefungwa mnyororo kutwa hana nafasi ya kujifunza, kwani hulazimika kulala penye uchafu wake.

Sehemu iliyokojolewa husafishwa kwa maji na sabuni, kisha siki kidogo ili harufu isimrudishe hapo. Jiki isimwagwe juu ya mkojo, kwa kuwa huweza kutoa gesi inayodhuru mapafu. Kwanza pasuuzwe kwa maji mengi.

Wengi huzoea wakiwa na miezi 4 hadi 6. Aliyekwisha kuzoea akianza ghafla kukojoa ovyo, huenda ana ugonjwa wa kibofu, na hapo anahitaji daktari wa mifugo.