Wapiga Sinema Wanapotafuta Mandhari: Yampasayo Katibu Kujua



Wapo watengenezaji wa sinema wanaofanya kazi kwa fedha kidogo, bila kampuni kubwa ya kuwategemeza. Hao hawawezi kujenga mitaa ya bandia. Hutafuta mashamba, maghala na stesheni zilizopo. Wafikapo Kilosa au Mikumi, mara nyingi hubisha hodi kwanza katika ofisi ya chama cha msingi, kwa kuwa katibu ndiye ajuaye njia na wenye mashamba. Yafaa basi aielewe kazi yao, awasaidie bila kukitia chama hasarani.

Mtafuta mandhari haangalii uzuri peke yake. Kwanza huangalia mwanga. Mahali panapopendeza saa moja asubuhi huenda pasifae saa sita mchana, kwani jua la utosi hutia kivuli machoni mwa mwigizaji. Ndiyo sababu mgeni hurudi pale pale asubuhi, mchana na jioni. Asidhaniwe kuwa mpelelezi.

Pili ni sauti. Barabara kuu iendayo Iringa hupita katika Hifadhi ya Mikumi kwa kiasi cha kilomita 50, na mngurumo wa malori hufunika maneno ya waigizaji.

Tatu ni majira. Masika, tangu Machi hadi Mei, hufanya njia za udongo mweusi zisipitike. Nao Mto Mkondoa uliuonyesha mji wa Kilosa nguvu zake katika mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010. Kampuni kubwa, kama ile iliyopiga filamu ya Hatari!, iliyotoka mwaka 1962, katika nyika za kaskazini mwa nchi yetu, yaweza kungoja mvua ikatike. Mwenye fedha kidogo hawezi.

Nne ni ruhusa. Upigaji wa filamu huhitaji kibali cha Bodi ya Filamu, kwa mujibu wa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Ndani ya hifadhi hapana budi kupata ruhusa ya TANAPA na kulipa ada. Kwa kuwa tambarare ya Mkata haiishii kwenye mpaka wa hifadhi, wengi hupendelea kupiga picha nje yake, penye nyasi zile zile na milima ile ile.

Lakini nje ya hifadhi ardhi ina wenyewe, na hapa ndipo penye hatari. Wilaya yetu haijasahau Desemba 2000, ambapo watu zaidi ya 30 waliuawa huko Rudewa Mbuyuni katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Kumwonyesha mgeni shamba lenye mgogoro, au kumlipa asiye mwenyewe, ni kuchokoza jeraha.

Katika ukaguzi nilikuta chama kimoja ambacho katibu wake aliwakubalia wageni kwa maneno tu. Gari lao likakanyaga mahindi ya mjane, na malipo ya kutumia ghala hayakukatiwa stakabadhi. Katibu aliapa kwamba fedha alizitumia kuezeka ghala, na bati jipya lilionekana. Hata hivyo mkutano mkuu ulimwondoa, kwa kuwa bati halisemi limenunuliwa kwa fedha ya nani.

Kwa hiyo, mgeni ajapo, katibu afanye haya:

1. Aombe kuona kibali, na kuweka nakala jaladani.
2. Ampeleke kwa serikali ya kijiji, na kwa mwenye shamba mwenyewe.
3. Ombi la kutumia mali ya chama alifikishe kwenye bodi, na uamuzi uandikwe katika kumbukumbu.
4. Mkataba utaje siku, mipaka ya eneo, malipo, na fidia ya mazao.
5. Kila shilingi ikatiwe stakabadhi siku ile ile.

Mtengenezaji mwaminifu hatachukizwa na utaratibu huu. Naye anauhitaji, maana akifukuzwa shambani katikati ya kazi, hana fedha za kuianza upya.