Projesteroni: siku ya 21 si ya kila mwanamke
Wengi wanaambiwa wapime projesteroni siku ya 21 ili kujua kama yai linatoka. Siku hiyo ni ya mzunguko wa siku 28 tu! Homoni hii hufika kilele kama siku 7 kabla ya damu kurudi. Dada wa mzunguko wa siku 35 akitoka Mahagi-Port mpaka labo ya Bunia siku ya 21, yai ndiyo kwanza linatoka. Namba itakuwa chini, nauli imeisha, na nyumbani ataitwa tasa bure. Yeye apime siku ya 28. Damu ikirudi baada ya juma moja, siku ilikuwa sawa. Tazama pia herufi nyuma ya namba: zaidi ya 3 ng/ml, yai limetoka, 3 nmol/l haifiki hata 1 ng/ml. Na bwana naye apimwe mbegu.