Tanuri la chuma na ukuta wa sayansi na sanaa

Mwanafunzi wa Mpanda, mkoani Katavi, anayemaliza kidato cha nne hujaza fomu ya kuchagua masomo, na swali kubwa analokutana nalo ni lilelile la siku zote: sayansi au sanaa? Mwaka 2024 Serikali iliongeza tahasusi za kidato cha tano kutoka 16 hadi 65, muziki na michezo vikapata nafasi yake. Ni hatua njema. Lakini majumbani bado akili ya mtoto inapimwa kwa fizikia na hisabati, na sanaa inachukuliwa kuwa kimbilio la walioshindwa.

Wazee wa ukanda huu hawakuujua ukuta huo kati ya sayansi na sanaa. Hadi 2012 Mpanda ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Rukwa, na kusini yake, kwenye nyanda za juu za Ufipa, baadhi ya malungu bado yamesimama. Ilungu ni tanuri la udongo la kuyeyushia mawe ya chuma, refu kumzidi mtu mzima. Mengine hufika mita tatu. Mara nyingi lilijengwa ubavuni mwa kichuguu, kwa kuwa udongo wake unafaa, na mtu akisimama juu ya kichuguu anaweza kumimina mkaa na mawe kupitia mdomo wa tanuri.

Hapo chini pametobolewa matundu ya kuingizia mirija ya udongo. Hakuna mivukuto. Hewa ya moto inapanda, hewa baridi inavutwa kupitia mirija, na tanuri linajipulizia lenyewe kwa siku kadhaa. Mkaa unatoa gesi inayonyang'anya mawe oksijeni yake. Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi joto 1538, lakini haikuwa lazima kufika huko: kwenye nyuzi 1200 hivi mavi ya chuma, yaani takataka za mawe, huyeyuka na kujitenga, chuma kikabaki bonge gumu. Bonge hilo lilisafishwa tena katika tanuri dogo, safari hii kwa mivukuto, ndipo mhunzi akafua jembe.

Hiyo ni kemia. Sasa tazama upande wa pili wa kazi ileile. Ilungu jipya lilikuwa bibi harusi: lilipambwa, likaimbiwa, na fundi mkuu akaleta kapu la dawa zake. Wakati wa kazi wanaume walijitenga na wake zao. Mmisionari Wyckaert aliandika habari za wahunzi wa huku mwaka 1914. Baadaye Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichunguza mabaki ya matanuri yenyewe, naye Randi Barndon kutoka Norway akakusanya maelezo ya wazee kuhusu ibada na maana zake. Ukisoma kazi ya mmoja bila ya mwenzake, unaondoka na nusu ya tanuri.

Wimbo hauyeyushi chuma, tusidanganyane. Lakini fundi asiye na daftari wala kipimajoto alihitaji mahali pa kuweka hatua ndefu za kazi yake, na kwa maoni yangu aliziweka katika nyimbo na miiko. Mwiko wa kujitenga uliwabakiza watu karibu na moto usiku na mchana. Harusi iliwapa vijana sababu ya kuliheshimu tanuri ambalo kosa moja lingeteketeza jasho la wiki nyingi za kuchoma mkaa na kubeba mawe.

Majembe ya bei nafuu kutoka ng'ambo yaliizima kazi hii katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Fizikia yake tunaweza kuikokotoa upya leo. Ujuzi wa mkono na sikio, yaani kujua moto umefika kwa rangi yake na sauti yake, haukokotoleki.

Mpanda yenyewe ni mji wa madini: tawi la reli kutoka Kaliua lilijengwa kwa sababu ya risasi iliyochimbwa hapa, na leo wachimbaji wadogo wanatafuta dhahabu. Watoto wake wana haki ya kuijua historia ya chuma kwa ukamilifu. Walimu wa Katavi, pandeni basi moja, wa kemia na wa fasihi, mpite Sitalike na Kizi hadi Nkasi, huko Ufipa, na darasa la siku hiyo mlifundishe pamoja mbele ya ilungu.