Ukiumia Nairobi ukiwa safarini kibiashara: namna ya kumpata wakili wa kesi ya fidia

Kila asubuhi mabasi kutoka Arusha, Kampala na Mwanza huteremsha abiria katikati ya jiji la Nairobi. Wengi wao ni wafanyabiashara. Huyu anakwenda Gikomba kufunga mitumba, yule Eastleigh kwa vitambaa, mwingine Kamukunji kwa sufuria na masanduku ya chuma. Wamebeba hati ya kusafiria, fedha za mzigo, na namba ya simu ya mtu wa forodha pale Namanga au Busia. Namba ya wakili hawana, na hakuna anayewalaumu, kwa kuwa hakuna atokaye nyumbani akitarajia kugongwa.

Siku inapotokea, mambo huenda haraka kuliko mgonjwa anavyoweza kufikiri. Umelazwa, mguu una plasta, simu imepotea, mzigo haujulikani uko wapi. Anafika kijana mmoja nadhifu mwenye faili mkononi. Anakupa pole, anakuambia ametumwa na ofisi ya wakili, fidia itapatikana bila wewe kutoa hata senti, kinachotakiwa ni sahihi yako tu hapa na hapa. Asiyeweza kushika kalamu anawekewa wino kwenye kidole gumba. Mara nyingine kijana huyo amefika wodini kabla ya ndugu wa mgonjwa.

Usitie sahihi. Kama umekwishatia, omba nakala ya ulichotia sahihi na jina la ofisi iliyomtuma.

Huyu kijana ni dalali wa kesi. Anaokota majina kituo cha polisi au hospitalini na kuyauza kwa wakili kwa kamisheni. Sheria ya Mawakili ya Kenya, Sura ya 16, inamkataza wakili kugawana malipo yake na mtu asiye wakili, kwa hiyo ofisi inayofanya kazi kwa njia hiyo imeanza safari yako kwa kuvunja sheria. Hasara yenyewe unaiona baadaye. Madalali wawili wakikufikia, kesi mbili zinaweza kufunguliwa kwa jina lako kwa ajali moja, na kampuni ya bima ikigundua itakuita tapeli wewe, si wao. Kuna pia wanaorudi kwao Moshi au Mbale wakisubiri simu ambayo haiji, kumbe kesi ilikwishamalizwa na hundi kuchukuliwa.

Makaratasi kwanza

Hata wakili bora wa jiji zima hana la kufanya bila makaratasi, na mengi ya hayo hupatikana kirahisi zaidi katika wiki ya kwanza. Ajali iandikishwe polisi na upewe namba ya OB, yaani namba ya kitabu cha matukio. Baadaye polisi hutoa taarifa fupi ya ajali, ile ambayo Wakenya huiita abstrakti, yenye namba ya gari, jina la mwenye gari na kampuni ya bima. Kuna pia fomu ya P3, ambayo daktari huijaza kueleza majeraha. Zaidi ya hizo, weka kila risiti ya hospitali, hata ya dawa za shilingi mia mbili. Piga picha stika ya bima iliyobandikwa kwenye kioo cha gari lililokugonga, au mwombe mtu akupigie. Tikiti ya basi usiitupe, maana ndiyo inayoonyesha kwamba ulikuwa abiria aliyelipa nauli.

Hilo la nauli ni zito kuliko linavyoonekana. Wafanyabiashara wengi hupanda lori pamoja na mzigo wao ili kuokoa nauli au kuulinda usiibiwe. Bima ya lazima ya Kenya, iliyo chini ya Sura ya 405, haimlazimishi mwenye gari kuwakatia bima watu anaowabeba, isipokuwa pale abiria wanapobebwa kwa malipo au kwa sababu ya ajira yao. Lori likipinduka ukiwa juu ya magunia, tegemea kampuni ya bima kusema kwamba wewe hukuwemo katika bima hiyo. Swali hili mpe wakili siku ya kwanza, na msikilize vizuri anavyolijibu. Anayekwambia "hakuna shida" bila kuuliza ulikaa wapi na ulilipa nini, huyo hajawahi kuendesha kesi ya namna hii au hajali.

Mzigo ulioharibika nao ni dai jingine. Bima ya lazima inahusu vifo na majeraha ya mwili. Marobota yako yatadaiwa kwa mwenye gari, au kwa bima yake kama alikata iliyo kubwa zaidi, na hapo hutaendelea bila risiti za manunuzi. Wanaonunua bila risiti huumia mara mbili.

Kumchunguza wakili

Nairobi ina mawakili maelfu. Wengi wa kesi za ajali hawako kwenye majengo ya vioo ya Upper Hill bali ghorofani katikati ya jiji, katika ofisi za vyumba viwili zilizojaa mafaili. Ukubwa wa ofisi usikutishe wala usikuvutie.

La kwanza ni kujua kama kweli ni wakili. Chama cha Mawakili Kenya, LSK, kina orodha ya wanachama wake ambayo mtu yeyote anaweza kuitafuta kwenye intaneti kwa jina. Leseni ya kufanya kazi hutolewa mwaka kwa mwaka, hivyo aliyekuwa nayo mwaka juzi anaweza asiwe nayo leo. Jina lisipoonekana, au likionekana bila leseni ya mwaka huu, ondoka.

La pili ni kuangalia kazi yake. Hukumu nyingi za Kenya huwekwa kwenye tovuti ya Kenya Law, na kuzisoma hakulipiwi. Andika jina la wakili na uone kama anatokea katika kesi za ajali za barabarani, na kama anatokea upande wa majeruhi au upande wa bima. Tovuti hiyo ina faida nyingine. Mahakama hupanga kiwango cha fidia kwa kulinganisha na kesi za nyuma zenye majeraha yanayofanana. Tafuta kesi za mfupa uliovunjika kama wako, soma tatu au nne, na utajua kama mamilioni unayoahidiwa ni ya kweli au ni ya kukuvutia tu.

Kisha nenda ukae naye ana kwa ana. Uliza nani hasa atashika faili lako, yeye au karani. Muulize pia kesi itafunguliwa wapi, kwa sababu hapa wengi hushangaa. Kesi ya ajali hufunguliwa ajali ilipotokea au anapoishi anayedaiwa. Basi likipata ajali karibu na Makindu kwenye barabara ya Mombasa, kesi inaweza kwenda mahakama ya Makindu na si Milimani, Nairobi. Tangu 2020 mashauri mengi husikilizwa kwa njia ya video, jambo ambalo limemrahisishia anayeishi ng'ambo ya mpaka, lakini siku ya kutoa ushahidi huenda ukatakiwa ufike mwenyewe. Nauli na malazi ya siku hiyo ni yako.

Madai yasiyozidi shilingi milioni 1 ya Kenya yana mlango mwingine, Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Nairobi mwaka 2021. Sheria yake inataja fidia ya majeraha, inataka shauri liishe ndani ya siku 60, na inaruhusu mtu kujisimamia bila wakili. Kwa mwenye majeraha ya wastani anayetaka kurudi nyumbani, mwombe wakili akueleze kwa nini anaipendelea au haipendelei.

Jambo jingine la kuuliza ni kama mahakama inaweza kukutaka uweke dhamana ya gharama. Mdai asiyeishi Kenya na asiye na mali huko anaweza kuombewa na upande wa pili aweke fedha mahakamani kabla ya kesi kuendelea. Si lazima mahakama ikubali, na kwa mkazi wa Afrika Mashariki wakili mzuri ana hoja za kujibu. Lakini ajue mapema.

Malipo

Matangazo ya Marekani kwenye intaneti yamewazoesha watu wazo kwamba wakili halipwi mpaka ushinde, na kwamba kawaida yake huchukua theluthi moja. Kenya si hivyo. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili kinayafanya kuwa batili makubaliano ya wakili kulipwa pale tu kesi inaposhinda. Ada zina kanuni zake zinazopanga viwango, na ukishinda upande wa pili huamriwa kulipa sehemu ya gharama.

Kwa vitendo, mawakili wengi wa kesi za ajali hupokea kianzio kidogo na kusubiri malipo mengine mpaka fidia itoke, kwa sababu wateja wao hawana kitu. Si vibaya, mradi iwe kwa maandishi. Taka karatasi inayosema ada ni kiasi gani, nani analipia ripoti ya daktari, nani analipia upekuzi wa kumbukumbu za gari kwa NTSA, na nini kitakatwa kwenye fidia kabla haijakufikia. Kama hatakuandikia hayo kabla, usitegemee akuandikie baada ya hundi kufika.

Hundi hiyo hutumwa kwa wakili, nayo huingia kwenye akaunti ya wateja ambayo sheria inamtaka aitenganishe na fedha zake. Kabla ya hapo kampuni ya bima hutaka utie sahihi hati ya kumaliza dai. Ukiitia sahihi umekwisha, huwezi kurudi baadaye kusema mguu bado unauma. Isome, au usomewe na mtu wako mwenyewe. Dai pia namba ya kesi tangu siku inapofunguliwa na nakala ya hukumu inapotoka. Aliye Tunduma au Gulu mwenye namba ya kesi anaweza kuuliza masjala ya mahakama, lakini asiye nayo hutegemea neno la wakili peke yake. Wakili akikalia fedha zako, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, na huhitaji kuwa raia wa Kenya kuyapeleka.

Jueni pia kwamba kushinda hakumaanishi kulipwa. Bima ya lazima ya Kenya ina kikomo cha shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja, na kinachozidi hapo humfuata mwenye gari. Kampuni nazo huanguka. United iliwekwa chini ya usimamizi mwaka 2005, Blue Shield mwaka 2011, na waliokuwa na hukumu mkononi walibaki wakizunguka nazo. Wakili mwenye uzoefu hutazama hali ya kampuni ya bima kabla ya kukuahidi lolote.

Gari likiwa la nchi jirani

Lori la Tanzania au Uganda likikugonga Nairobi, hakuna haja ya kumfuata mwenyewe kwao. Tafuta kama lina Kadi ya Njano ya COMESA, mpango wa bima ulioanza kufanya kazi 1987 na ambao Tanzania imebaki ndani yake hata baada ya kujitoa COMESA mwaka 2000. Dai hushughulikiwa na ofisi ya taifa ya nchi ilikotokea ajali, kwa sheria za nchi hiyo. Kwa Kenya ofisi hiyo ni Kenya Re, kwa Tanzania ni Shirika la Bima la Taifa, NIC. Wakili asiyejua Kadi ya Njano ni nini hafai kwa msafirishaji.

Madereva na utingo waliojiriwa Kenya wana njia yao. Ajali ya kazini huanza kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini chini ya sheria ya fidia ya 2007, na Mahakama ya Juu ilithibitisha utaratibu huo Desemba 2019. Dai lapelekwe ndani ya miezi 12. Wakili anayekimbilia mahakamani moja kwa moja dhidi ya mwajiri wako anapoteza muda wako.

Na muda wenyewe si mwingi. Kesi ya kawaida ya ajali Kenya ina miaka 3 tangu siku ya ajali. Gari likiwa la serikali ni miezi 12 tu.

Ikitokea Dar es Salaam

Ajali ikiwa Kariakoo au barabara ya Morogoro, fomu ya polisi ni PF3, na miaka ya kufungua kesi ya madhara ni 3 vilevile. Aliyeajiriwa Tanzania amuulize mwajiri kuhusu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Wakili wa Nairobi hawezi kusimama mahakamani Kisutu kwa leseni yake ya Kenya peke yake, kama vile wa Arusha asivyoweza Milimani, kwa hiyo atafute mwenzake wa huko. Jina la mwenzake huyo litafute katika mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ya Tanzania kabla hujampa nakala ya PF3.